Magurudumu ya Lori kwenye Pikapu ya Baba

Harufu ya klachi inayoungua naijua kuliko harufu ya chakula chochote cha kwetu. Inakwaruza koo, na ikinifikia hata leo, nikiwa sokoni Runzewe au popote pale, naacha ninachofanya nakwenda mbali nayo. Nilikuwa msichana wa darasa la nne, mwanzoni mwa miaka ya themanini. Tulilima pamba, na baba alikuwa na pikapu, gari pekee pale kijijini. Ilikuwa kuukuu lakini nyepesi na tiifu. Ilibeba pamba, ilibeba wagonjwa hadi hospitali ya misheni Ushirombo, na kile kilima cha kabla ya misheni ilikipanda bila kulalamika. Hilo halikumtosha baba.

Kwetu, pamba ikishauzwa, kiangazi kinakuwa cha ngoma. Makundi mawili yanashindana kwenye uwanja mmoja, na mshindi ni anayevuta watazamaji wengi, kwa hiyo kila upande unatafuta kioja. Wapo waliocheza na chatu shingoni. Baba aliongoza kundi lake, na kioja chake mwaka ule kilikuwa gari. Alipata magurudumu manne ya lori lililotelekezwa kwenye mgodi wa zamani huko Geita, akamleta fundi wa kuchomelea atoboe rimu upya na kukata madigadi ili yaingie. Pikapu ikasimama juu kama kichuguu, ngoma zikafungwa juu yake, watu wakamiminika. Basi baba akavimba kichwa, usiseme! Mama, mjamzito wa miezi minane, alisimama mlangoni ameshika kiuno, akacheka hadi machozi. "Baba Kabula, umemvisha mbuzi kwato za ng'ombe. Atatembea huyo?" Majirani wakaangua kicheko, baba akanuna siku nzima.

Ukubwani ndipo nilipoelewa vizuri kilichotokea. Gurudumu kubwa likizunguka mara moja tu linakwenda mbali, kwa hiyo injini ndogo inalisukuma kwa taabu, na likiwa zito, ni kazi kulianzisha na ni kazi kulisimamisha. Lakini hata bila kuelezwa tuliyaona kwa macho. Gari liliondoka kwa kunguruma na kutetemeka, breki zikawa za kubahatisha, na penye mwinuko kidogo tu tulishuka tukasukuma. Mama akaacha kucheka. Siku zake zilipokaribia alimwambia baba mbele yangu, kwa sauti ya kubembeleza ambayo sikuizoea kwake, "Rudisha magurudumu yake, Baba Kabula. Nikizidiwa utanifikishaje misheni?" Magurudumu ya zamani yalikuwa yameegemezwa nyuma ya jiko, mazima kabisa. Baba akajibu, "Jumapili ngoma ikiisha nayarudisha."

Mama alijifungua Ijumaa alfajiri. Mtoto alitoka salama, wa kiume, lakini damu ya mama ilikataa kukata. Mama Limi, mkunga wetu, akatoka nje mbio. "Baba Kabula, washa gari. Sasa hivi!" Tukamlaza mama nyuma juu ya magunia matupu, mimi nikampakata mtoto. Tambarare tulikwenda. Kwenye kile kilima gari likagoma. Baba aliweka gia ya kwanza, akakanyaga mafuta, injini ikalia, gari likasogea kidogo likarudi nyuma. Akajaribu tena na tena, mpaka moshi ukapanda kutoka chini na ile harufu ikatufunika sote. Klachi ilikuwa imekwisha. "Mayu," nilimwita mama kwa Kisukuma, akanitazama tu. Baba akakimbia kutafuta mkokoteni wa ng'ombe. Tulipofika misheni jua lilikuwa juu, na mama alikuwa ameshakata roho. Kwenye msiba viti havikutosha, wanaume wakayalaza yale magurudumu madogo chini wakayakalia. Nilitamani kuwafukuza wote.

Mtoto yule, Masanja, nimemlea mimi. Leo anafanya kazi mgodini upande wa Bugarama, ambako malori yana magurudumu yanayompita mtu kimo, na injini zilizotengenezwa kuyabeba. Njia ya Ushirombo ina lami, na kile kilima unakipita huku unapiga soga. Juzi alikuja nyumbani na gari lake dogo, amelifunga magurudumu makubwa ajabu. Baba, mzee sasa, alitoka akayagongagonga kwa fimbo na kucheka kwa fahari. "Hili sasa ndilo gari!" Haki ya Mungu, nilimchukia. Tulipokaa kula, Masanja akauliza swali ambalo haachi kuliuliza, ilikuwaje mama afie njiani na gari lilikuwepo. Baba akajibu lilelile la miaka yote. "Barabara, mwanangu. Enzi hizo barabara ilikuwa mbaya mno, matope matupu." Miaka yote nilikuwa nanyamaza, maana ni baba yangu. Safari hii niliacha chakula, nikamshika Masanja mkono, nikampeleka hadi kwenye gari lake na kumsimamisha mbele ya gurudumu, baba akitutazama.

"Kilikuwa kiangazi," nikamwambia. "Barabara ilikuwa kavu."