Filamu Kumi na Moja za Mzee Kodde

Jumatatu moja ya Februari, saa mbili na robo asubuhi, Krina Boogert anachovya kijiti cha pamba kwenye chupa ndogo, anagusa nukta moja ya maandishi pembeni mwa filamu ya zamani ya kamera, kisha anakitazama. Pamba imegeuka zambarau.

"Hii hapana," anasema, na kuifunga chupa.

Ni dawa mpya ya kusafishia filamu, iliyonunuliwa na mkuu wake katika hifadhi ya picha za kale mjini Goes. Kwenye lebo imeandikwa kuwa ni salama kwa filamu. Krina, mwenye miaka 59, ameifanya kazi hii kwa miaka 31, na haamini lebo.

Zambarau hiyo ni wino. Mpiga picha aliyezipiga filamu hizi, wa kijiji cha Yerseke, aliandika pembeni mwa kila filamu majina ya wachambua chaza aliowapiga. Dawa ingeondoa kuvu iliyoziota filamu na majina pamoja.

Mwana wa mpiga picha huyo, Marinus Kodde, 83, alizileta Januari ndani ya kopo la biskuti. Awali zilikuwa kumi na mbili. Moja alikuwa ameiosha nyumbani kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, na picha ya mama yake ikabanduka, ikabaki ikielea kwenye beseni.

"Nilitaka kumfuta uso tu," alimwambia Krina.

"Na hizi nyingine hukuzigusa?"

"Niliogopa."

"Umefanya vizuri kuogopa, mzee."

Picha hulala ndani ya utando mwembamba. Kuvu ikishautafuna, maji huumalizia. Kwa hiyo Krina alinakili majina kwanza, akavaa barakoa, akapangusa kuvu kavu kwa brashi laini. Madoa yaliyo mbali na wino aliyagusa kwa spiriti isiyo na maji. Kila filamu ilimchukua siku nzima. Mkuu wake alimkumbusha kwamba filamu 40,000 zinasubiri.

Tisa zilitakata. Mbili aliziacha na madoa yake, kwani kuendelea kungezifuta.

Wiki chache baadaye Kodde alizifuata. Katika ya saba, mama yake ameshika kisu cha chaza, anacheka. Mzee aliomba kiti.

"Nilidhani nimemmaliza," alisema.

Krina anastaafu mwakani. Anataka kuzunguka vijijini kabla watu hawajasafisha vyumba vya darini wanamoweka filamu za kale, na ataanzia Yerseke, ambako Kodde ameahidi kuwakusanya wanakijiji wenzake.

"Hotuba yangu ni fupi," anasema. "Msioshe. Nipigieni simu."