Mashine ya Moyo Inayojua Kiingereza

Juzi nilikaa kwenye kikao cha kamati ya ukumbi wetu wa harusi, Muleba, kuchagua mashine ya kushtua moyo uliosimama. Muuzaji aliweka mbili mezani. Zote huongea, zikimwelekeza mtu yeyote afanye nini. Moja kwa Kiswahili, nyingine kwa Kiingereza.

Katibu aliisikiliza ya Kiswahili mikono ameikunja kifuani. "Hii inaongea kama tangazo la stendi. Wageni kutoka Dar watatuonaje?"

Mke wa mlinzi wa ukumbi, aliyekuwa akitugawia chai, akaweka birika chini. "Waitu, ndugu zangu, mume wangu ana ugonjwa wa moyo. Akianguka hapa usiku tuko wawili tu, na mimi Kiingereza sijui."

"Mama, utazoea," mwenyekiti akamjibu, akanyoosha mkono juu. Mikono mingine ikaufuata. Kiingereza kikapita.

Utani kwamba sisi Wahaya tunapenda mno Kiingereza umenilisha jukwaani, mimi mchekeshaji, miaka mingi. Safari hii sikuona pa kucheka. Tumenunua mashine ya kuokoa maprofesa.

Kikao kilipovunjika, yule mama alimwomba muuzaji aiwashe tena ile ya Kiingereza, iongee polepole. Muuzaji akainamisha kichwa: "Mama, haina polepole."