Mtani Aliyeziba Mlango

Awadhi wa mtaa wa Cheyo, Tabora, alirudi kutoka Uarabuni na goti bovu, begi moja refu, na habari ambayo hakuna aliyeitaka. Habari yenyewe, jamani, nayo haikumsaidia. Mtu akikwambia kwamba katikati ya jangwa, mahali jua linapokaanga hata mawe, kuna ukumbi sakafu yake ni barafu tupu, na wageni wanaofanya kazi huko, walimu, mainjinia, watu wa benki, wameunda ligi yao ya kucheza magongo juu ya barafu hiyo, utasema nini? Utasema Mungu ashukuriwe, karudi salama, akili nayo itarudi pole pole.

Kazi yake ilikuwa kuifagia ile barafu, kuikwangua na kuimwagia maji iwe laini. Siku moja golikipa wa timu fulani akahamishwa kikazi, wakakosa mtu. Wakamtazama mfagiaji wao. Anasimama bila kuteleza, tena si mwoga. Wakamvalisha. Tangu hapo, kila Alhamisi jioni, Awadhi akawa golikipa. Akizuia, watu wazima wenye magari makubwa walimkumbatia na kumgonga gonga kichwani. Kesho yake anashika tena mfagio, na baadhi yao wanampita bila kumjua, maana uso wake hawajawahi kuuona vizuri.

Kwa ajili ya Alhamisi hizo alisogeza likizo mwaka hadi mwaka. Mkewe Tunu akachoka kungoja, akadai talaka yake, akaolewa Nzega. Kwa hiyo Awadhi aliporudi alikuwa na Alhamisi zake tu, na hizo ndizo Shaban aliamua kumnyima.

Shaban alikuwa Mzaramo, mstaafu wa reli, kaletwa Tabora na kazi akazeekea hapo. Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, na mzee huyu mdomo wake haukuwa na breki.

"Mnamwona Mnyamwezi huyu?" aliwaambia watu kwenye kijiwe cha kahawa, pale mtaa wa Chemchem. "Babu zake walitembea kwa miguu mpaka kwetu pwani, pembe za ndovu kichwani, tukawapa maji ya kunywa. Yeye kapanda ndege kwenda kucheza na maji yaliyoganda!"

Awadhi akamletea picha kwenye simu. Sasa, golikipa wa mchezo ule huvaa kinyago cha chuma. Haonekani hata jicho. Shaban akaigeuza simu huku na huku.

"Humu ndani anaweza kukaa hata punda," akasema, na watu wakacheka mpaka wakamwaga kahawa.

Kesho yake Awadhi akaleta begi lenyewe: glavu, kinyago, vigodoro vinene vya kufunga miguuni.

"Si ulikuwa unafagia?" Shaban akamwuliza. "Basi umeviokota jalalani."

Awadhi alicheka pamoja nao, kwa sababu mtani hanuniwi. Lakini alifika nyumbani akalisukuma begi mvunguni, akakaa kitandani akalia. Alitaka neno moja tu kutoka kwa yule mzee: nimekuamini. Asubuhi akarudi tena kijiweni na kisa kingine, na kesho yake kingine, huenda hiki kitamwingia.

Mwisho Shaban akaugua. Awadhi akawa haondoki nyumbani kwake, anamgeuza, anamlisha uji. Siku moja akamwuliza, akijifanya anatania, "Mtani, mpaka leo huniamini?"

Shaban akafumbua jicho moja. "Nikifa, njoo unizuie mlangoni na hayo matambara yako. Tutaona kama kazi unaijua." Akalifumba.

Alikufa Ijumaa alfajiri. Msibani mtani ana haki yake: anaruhusiwa kuvaa kihuni, kumwiga marehemu, kuzuia jeneza lisitoke mpaka wafiwa wampe chochote, ili watu wapumue kidogo katikati ya kilio. Basi jeneza lilipoinuliwa, wakamkuta Awadhi kasimama mlangoni, kinyago usoni, vigodoro miguuni.

Watu walicheka, kile kicheko cha msibani kinachotoka na makamasi. Wabebaji wakasogea kushoto. Awadhi akashuka kwa magoti mara moja, pu! Kushoto kumezibwa. Wakasogea kulia, wakamkuta keshafika. Kicheko kikakatika. Watu wa kijiweni wakatazamana.

"Kumbe kweli," mmoja akasema.

Awadhi alimsikia, na maneno hayo hayakumgusa. Hayakutoka kwa mzee mwenyewe.

Nurdini, mwana wa marehemu, akaweka noti mkekani. Awadhi hakuitazama.

"Mtani, haki yako umepata. Tupishe."

"Hapiti," Awadhi akasema ndani ya kinyago. "Hapiti! Hajaniambia!"

Goti lake bovu lilikuwa linatetemeka, wala hakuinuka. Hapo hakuna tena aliyedhani ni utani.

Ndipo Bi Mwanajuma, mjane, akasema kutoka chumbani alikokaa na wanawake. "Awadhi, baba, mpishe. Alikuamini tangu siku ya kwanza. Alikuona kijiweni ulivyoshuka kuokota kikombe, akaja kuniambia, magoti yale yamefanya kazi. Ikifika Alhamisi jioni alikuwa ananiambia, saa hizi mtani wangu angekuwa golini."

"Mbona mimi hakuniambia?"

"Angekwambia, ungemfuata tena kwa lipi? Wenzake wa reli wamekwisha wote. Wewe ulikuwa unakuja kila asubuhi na ushahidi mpya. Aliogopa ukishaaminiwa hutarudi."

Awadhi akavua kinyago. Uso wake wote ulikuwa umelowa. Akajaribu kuinuka, goti likakataa, Nurdini akamshika mkono. Akajibana kwenye fremu ya mlango kuacha nafasi, na jeneza lilipofika kwake akaligusa kwa glavu.

"Pita, mtani," akasema. "Umenifunga."