Galene na Mstari wa Mwisho

Kila Februari, siku za wafu zikifika, Galene alitoka lango la Ostia, mji wa bandari ya Roma, akiwa na kijungu cha rangi nyekundu, brashi, na mkate uliolowekwa divai. Alikwenda kwenye kaburi la Numisio, bwana aliyemnunua akiwa mtoto na kumwacha huru akiwa mtu mzima. Mkate aliuweka mlangoni na chumvi kidogo. Kisha alipiga magoti mbele ya bamba la marumaru, akapaka rangi herufi moja moja, maana mvua za baridi huzifubaza. Kusoma hakujua. Lakini mkono wake, jamani! Hata tone halikuvuka ukingo.

Numisio alijijengea kaburi hilo angali hai, kama wafanyavyo wasiowaamini warithi wao. Jiwe alilichongesha mwaka uleule Galene alipohama nyumbani kwake akaolewa na mshona viatu.

"Nenda, nenda," mzee alimwambia akitabasamu. "Jiwe limekwisha. Nyote mmo."

"Hata mimi, bwana?"

"Wewe hasa."

Galene akalishika neno hilo. Mzee alipopooza na wanawe wakamkimbia, nani alirudi kumlisha uji na kumgeuza kitandani miaka miwili? Si yeye? Numisio akaunywa uji huo, akafa, wala hakufumbua mdomo kusema lolote. Shukrani ya punda ni mateke, lakini punda angalau unamwona akiinua mguu.

Wapita njia walisimama nyuma ya Galene, wakasoma, wakacheka. Yeye alijua ni kijicho. "Waache," alimwambia binti yake, Hilara. "Sisi tuna mahali petu. Wao watafukiwa mchangani." Alichokitaka duniani kilikuwa hicho tu: shubaka moja ndani ya kaburi lile, majivu yake na ya mwanawe yakae pamoja.

Hilara akatangulia. Homa ya Septemba ilimchukua kwa siku nne, ana miaka kumi na tisa. Galene alikumbatia gudulia la majivu mpaka kaburini, akamkuta Aukto, mlinzi wa makaburi, amekaa mlangoni anamenya kitunguu.

"Nifungulie, Aukto. Nimemleta mwanangu."

"Siwezi, Mama Hilara."

"Huwezi nini? Sisi tumo kwenye jiwe!"

"Mmo, ndiyo." Aukto akaweka kitunguu chini. "Kwani hujui? Miaka yote hii nilidhani unajua. Nikasema, huyu mama ama ana moyo wa ajabu, ama kachanganyikiwa."

"Najua nini? Hebu nisomee."

Akamsomea kwa kidole. Numisio amejijengea kaburi hili, yeye na wanawe, na wote aliowaacha huru, wanaume kwa wanawake, na vizazi vyao. Kidole kikashuka mstari wa mwisho. "Isipokuwa Galene asiye na shukrani. Yeye na uzao wake wasikanyage hapa."

Galene akaweka kidole chake juu ya mstari ule.

"Huu ndio hunitaabisha," akasema. "Herufi zake ndogo. Huu huupaka mara mbili."

Aukto akaokota kitunguu chake, akakifuta mchanga.

"Na wewe ulikuwa hapa ukinitazama."

"Ningesema nini, mama?"

"Ungesema!"

Hilara akafukiwa mchangani kando ya njia, shingo ya mtungi uliovunjika ikichungulia juu iwe alama. Jiwe hakupata.

Februari ikarudi. Aukto alimwona Galene anakuja na kijungu chake, akafurahi: mama kasamehe. Thubutu! Galene alichota maji na mchanga, akasugua jina la Numisio, akasugua wanawe na vizazi vyao, mpaka rangi yote ikatoka na marumaru ikabaki nyeupe.

"Mama, unaharibu kaburi! Kuna sheria!"

"Nimevunja nini? Pitisha kidole. Herufi zote zipo."

Kisha akachovya brashi, akaupaka mstari wa mwisho, huo peke yake, mara mbili. Kutoka barabarani hakikusomeka kingine.

Msafiri mmoja akasimama, akasoma, akatikisa kichwa. "Huyo Galene alimfanyia nini mwenye kaburi?"

"Alimlisha uji," akajibu Galene. Akaubeba mkate wake wote mzima, akaenda kumpa mwanawe.