Krismasi Nilipomwigiza Baba

Krismasi hiyo nilikuwa mwalimu mpya katika shule ya Tosamaganga, na walimu tulikubaliana kuwachekesha wazazi kwa michezo mifupi mchana, baada ya misa. Mimi niliigiza mzee mwenye nyumba. Nilivaa koti kubwa nikamwiga baba yangu mwenyewe, bila wasiwasi, maana yeye alikuwa kwetu Mbeya. Niliitafuta miwani chini ya meza, nikawagombeza watoto kwamba wameificha, kumbe iko kwenye paji la uso wangu. Watu walicheka mpaka mabenchi yakalia.

Ndipo nikamwona baba amesimama mlangoni pa ukumbi, kikapu mkononi, vumbi la basi limemjaa. Alikuja kunishtukiza sikukuu! Nikasahau maneno yote.

Alipita katikati ya watu hadi jukwaani.

"Shikamoo, baba," nikasema kwa sauti ndogo.

"Marahaba. Lakini unakosea, mwanangu. Mimi humshuku mama yako kwanza, siyo watoto."

Akanivua miwani, akaipandisha kwenye paji lake, akaanza kupekua mifuko huku akimwita mama kwa Kinyakyusa. Ukumbi ulilipuka kwa kicheko! Kwa furaha nikajifunga kanga ya mwalimu mwenzangu, nikawa mama, nikamjibu kwa ukali wa nyumbani kabisa.

Wali na nyama vilikuwa tayari nje, lakini hakuna aliyetoka. Walitaka turudie.

Baba alikuwa anatweta, jasho linamtiririka. "Turudie," akaninong'oneza, "ila safari hii unifokee zaidi."