Pembeni mwa Dodoso

Mtaani walimwita Bi Dodoso, na jina lenyewe alijitafutia. Miaka kumi na minne alibisha hodi kwenye nyumba za watu, dodoso la utafiti wa uzazi mkononi, akiwauliza wake za watu wamezaa wangapi, wanapangaje uzazi, na kama mtoto ameharisha wiki mbili zilizopita. Waume wenye masikio marefu aliwatoa nje bila kupepesa macho. Vijana aliowafundisha kazi aliwapa amri mbili: ukiuliza kuhusu mtoto aliyefariki, funga mdomo uhesabu mpaka kumi, na pembeni mwa karatasi usiandike kitu, hapo si mahali pa barua.

Yeye mwenyewe, ukimuuliza, alikuwa na watoto watatu. Aliyewatangulia hao, aliyeishi siku kumi na moja tu, hakumtaja kwa mtu, na hata kwa mumewe ilikuwa mwiko. Aliogopa kwamba akianza kulia hatanyamaza.

Lakini kura ya watafiti haina adabu. Mwaka huu iliangukia nyumba yake, na aliyetumwa ni binti aliyemfundisha mwenyewe. Mumewe, seremala, alitolewa nje kama waume wengine. Akaenda zake uani kupigilia misumari, akicheka kwamba leo zamu ya kubanwa ni ya mkewe.

Bi Dodoso hakukalika. Alimsahihisha binti namna ya kushika kalamu, akajibu maswali kabla hayajaisha. Likaja lile la mtoto aliyezaliwa hai kisha akafariki.

"Hakuna," akasema upesi. "Endelea, mwanangu."

Binti hakuendelea. Aliinamia karatasi, kimya. Bi Dodoso alijua anahesabu, akamlaani kimoyomoyo kwa kuwa mwanafunzi mzuri. Hesabu ilipofika saba, Bi Dodoso akafungua mdomo.

"Yupo mmoja. Wa kike." Akalitaja jina lake kwa sauti, mara ya kwanza tangu mazishi. Uani, nyundo ikanyamaza.

"Alikuwa na nywele nyingi," akaongeza, machozi yakimtoka. "Mpaka mkunga alicheka."

Dodoso halina swali la nywele. Binti alisita, kisha akaandika pembeni mwa karatasi, polepole, kwa herufi ndogo. Bi Dodoso akajifuta machozi, akainama kukagua, akamwambia amemsahau mkunga.