Neno la Siri la Wifi

Mama Pindo, fundi cherehani wa chumba cha nyuma, alikuwa na wifi wawili. Mmoja alikuwa msusi wa saluni ya chumba cha mbele, dada wa mumewe, mwenye mdomo usio na breki. Wa pili hakujua kama anaye, mpaka simu yake ilipogoma.

Na iliijua siku ya kugoma! Mchana huo mwalimu mkuu wa shule ya mbali angempigia kwa video aone sampuli ya sare. Akiipenda, Mama Pindo ana kazi mwaka mzima. Asipoiona, kazi inakwenda kwa mwingine. Bando la simu nalo mle chumbani lilisuasua, picha zikiganda mtu akiwa kaachama mdomo. Akakimbilia kwa fundi simu, ng'ambo ya barabara.

"Simu nzima, mama," fundi alisema baada ya kuipekua. "Tatizo wifi yako."

Mama Pindo akashusha sauti. "Nani kakwambia?"

"Si naiona hapa? Ina nguvu kweli, ila imekufungia nje."

"Mwanangu, hata kama tumenuniana, yule ni mtu. Sema ana nguvu, amenifungia nje."

Fundi alicheka hadi bisibisi ikamponyoka. Kisha akaeleza. Kile kisanduku chenye vitaa vya kijani juu ya kioo cha saluni kinaitwa ruta. Intaneti inaingia humo kwa waya kutoka kwenye nguzo, na ruta inaitawanya kwa mawimbi ya redio ambayo simu huyadaka hewani.

"Hiyo ndiyo wifi. Siyo intaneti yenyewe, ni njia tu ya kuifikia bila waya."

"Kama wangu. Nyumba ile kila kitu lazima kipitie kwake."

"Tena haipendi kuta nene. Mawimbi yanafifia."

"Hapo wangu anamshinda wako. Nikipiga chafya chumbani kwangu, ananiombea afya saluni."

"Sasa inataka neno la siri jipya. Nani kalibadilisha?"

Mama Pindo akaitupia jicho saluni. Wiki kadhaa nyuma, msusi alikuwa amesema mbele ya saluni nzima kwamba gauni la harusi lililoshonwa na Mama Pindo lingefaa sana kuzuia mbu. Wateja wakavunjika mbavu. Tangu hapo wawili hao walisemezana kupitia kwa mume, maskini, aliyegeuzwa ruta bila kuulizwa.

"Si umwombe tu?" fundi alisema.

"Heri nimeze sindano."

Lakini saa haimngoji aliyenuna. Mama Pindo alirudi, akasimama mlangoni mwa saluni, sare begani.

"Wifi," alisema. "Naomba neno la siri."

Vidole vya msusi vikasimama kichwani mwa mteja. "Siku zote hizi nakungoja uje uulize." Andika nisamehewifi. Herufi ndogo, bila nafasi."

Kumbe alilibadilisha siku ileile ya gauni, ila Mama Pindo hakugundua kwa kuwa tangu hapo alikuwa akipiga simu za kawaida tu. Machozi yalimlenga Mama Pindo, maana alikuwa amemkumbuka sana wifi yake. Lakini hakuwa mtu wa kutupa bahati ya namna hiyo.

"Sijasikia vizuri, wifi."

"Nisamehe wifi."

"Nisa nini? Makelele ya mashine za nywele haya!"

"NISAMEHE, WIFI!"

Saluni nzima ikasikia, wakiwemo waliocheka gauni. Hakuna mashine iliyokuwa imewashwa.

"Nimekusamehe," Mama Pindo akasema, na simu ikaunganishwa papo hapo.

Mwalimu mkuu alipopiga, msusi ndiye aliyeinua sare mbele ya kamera, akaisifu kola, akasifu mifuko, akavuta mishono kuonyesha haifumuki. Mwalimu mkuu hakupata nafasi ya kuuliza bei hadi alipokwisha kukubali.

"Na huyo anayesema sana ni nani?" akauliza mwishowe.

"Wifi yangu," akajibu Mama Pindo. "Ana nguvu kweli."